Gari ya 505 imeshafika, ya Nungwi bado iko njiani

Nilisema mwezi huu siandiki mambo ya hesabu maana mara ya mwisho walisoma watu wawili na mmoja alikuwa mke wangu, lakini hili limenikaa kichwani toka Jumamosi na nisipolitoa silali.

Ilikuwa hivi. Niko ndani ya daladala ya 502 natoka mjini Unguja narudi Bububu, mvua inanyesha, maturubai yameshushwa pembeni, joto humo ndani usiseme, na pembeni yangu mtoto wa dada yangu, yupo form two, namsaidia hesabu siku za wikiendi. Huyu mtoto simu yake ikiisha chaji ndo anakumbuka kama ana mjomba. Tumefika Maruhubi akaniuliza, "Mjomba, eti hii 502 ni namba tasa?" Nikamwambia we vipi, shufwa hiyo, gawa kwa 2. Akanyamaza kidogo akasema 251. Haya, na 251 je? Tukajaribu 3, ikakataa, 7 ikakataa, 11, 13, zote zimekataa, tunafika Mtoni tumeridhika kuwa 251 ni tasa. Kwa hiyo 502 ni 2 mara 251, mazungumzo yameisha, nikadhani.

Kwa waliosahau ya skuli, namba tasa ni ile ambayo haigawanyiki kwa kitu chochote ila 1 na yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea. Jina lenyewe mie silipendi, tasa kama mtu asiyezaa, wakati hizi ndo zinazozaa namba nyengine zote, ukichukua namba yoyote ukaichambua unakuta ndani yake mna tasa zimezidishana. Aliyelichagua alikuwa na roho ngumu.

Sasa yule mtoto akafanya kitu ambacho sikumfundisha. Kaandika kwa kidole kwenye kioo chenye ukungu 2 halafu 251 zimegundana, 2251, akaniuliza na hii je? Hapo nikacheka peke yangu, konda akaniangalia, kwa sababu huo ni mchezo wa watu wazima kabisa, watu wanaharibia usiku wao huo. Unachukua namba, unaichambua mpaka kwenye vigawo tasa vyake, unavipanga kutoka kidogo hadi kikubwa, unavigundisha viwe namba moja, ukipata tasa basi umefika nyumbani, usipopata unaichambua tena hiyo mpya unagundisha tena, mpaka ufike. Ile tasa ya mwisho ndo nyumbani kwa ile namba uliyoanza nayo. Mfano 10: ni 2 mara 5, inakuwa 25, hiyo ni 5 mara 5 inakuwa 55, hiyo 5 mara 11 inakuwa 511, hiyo 7 mara 73 inakuwa 773, na 773 ni tasa. Hatua nne, umefika.

2251 ilitumaliza mpaka Kibweni lakini ni tasa. Yaani 502 inafika nyumbani kwa hatua moja tu, na sie bado tumo njiani.

Basi tukaanza na gari zote tunazozijua. 505 ya uwanja wa ndege ni 5 mara 101, inakuwa 5101, tasa, hatua moja. 310 ya Makunduchi ni 2 mara 5 mara 31, 2531, tasa. 117 ya Kiwengwa ni 3 mara 3 mara 13, 3313, tasa nayo. 206 ya Chwaka inakwenda 2103, hiyo ni 3 mara 701, 3701, imefika, hatua mbili. Ya Matemwe 118 inazurura kidogo, 259, halafu 737, halafu 1167, halafu 3389 ndo inatua. Sasa 116 ya Nungwi. Wallahi ile gari hata kwenye namba iko mbali. 116 ni 2 mara 2 mara 29, inakuwa 2229, ambayo ni 3 mara 743, inakuwa 3743, ambayo ni 19 mara 197, inakuwa 19197, na hii nzuri maana ni 3 tano kwa mpigo zimezidishana halafu 79, inakuwa 3333379. Hapo nikasema lazima hii tasa, ina sura ya tasa. Sio. Ni 7 mara 19 mara 71 mara 353. Inakuwa 71971353, nayo inavunjika 3, 3, 17, 103, 4567, inakuwa 33171034567. Tarakimu kumi na moja. Hapo tushafika nyumbani kwetu sie, shangazi yake kashatia chai, tumekaa na karatasi, umeme umekatika, nikamwambia basi, ya Nungwi iache iende.

Lakini nikamuonjesha mbaya zaidi. Chukua 8, namba ya kitoto, mbili mara mbili mara mbili. Inakuwa 222, halafu 2337, halafu 31941, halafu 33371313, unaona inavyonenepa, inapiga hatua 13 ndo inatua kwenye 3331113965338635107. Namba ya tarakimu 19, imetokana na 8! Na 49 ndo kabisa. 49 ni 7 mara 7, inakuwa 77, halafu 711, halafu 3379, halafu 31109, halafu 132393, halafu 344131, halafu 1731653, inakwenda inakwenda, watu wameipeleka zaidi ya hatua 100 kwa makompyuta na namba imepita tarakimu 200 na mpaka leo hakuna aliyeifikisha nyumbani. Hakuna hata aliyethibitisha kama inafika. Kila anayecheza anaamini kila namba ina kwao, lakini kuamini na kuthibitisha ni vitu viwili. Mtoto kaangalia ile 49 kama mtu anaangalia nzi kwenye chai, akasema "sasa si wagawe tu". Ndo hapo. Kuzidisha ni rahisi, kurudi nyuma kuchambua namba ya tarakimu mia mbili kwenye vigawo vyake ni kazi ya miezi, na ndo maana kuna siri za benki na za simu zinalindwa kwa ugumu huo huo.

Jumapili tukageuza mchezo, maana nilitaka apate kitu kinachoisha. Nikamuandikia 73939133. Nikamwambia futa tarakimu ya mwisho, inabaki 7393913. Futa tena, 739391. Tena, 73939. Tena 7393, 739, 73, 7. Zote hizo ni tasa, kila unapokata kutoka kulia kinachobaki ni tasa, mpaka unabaki na 7. Na hiyo ndo kubwa kuliko zote za namna hiyo, hakuna nyengine mbele yake, na hili limethibitishwa. Akasema haiwezekani, namba haziishi, vipi iwe kubwa kuliko zote. Swali zuri sana hilo.

Basi tukaipanda kama mti. Shina ni 2, 3, 5, 7. Kila namba unaiongezea tarakimu moja kulia. Ukiongeza shufwa imekufa, ukiongeza 5 imekufa, kwa hiyo vilivyobaki ni 1, 3, 7 na 9 tu. Tarakimu mbili tukapata tisa: 23, 29, 31, 37, 53, 59, 71, 73, 79. Tarakimu tatu 14. Tarakimu nne 16. Mpaka hapo kwa mkono, mimi na yeye na kalkuleta ya simu yangu, na katikati ya hapo mtoto ndo akaona kitu ambacho mie nimeishi na huu mti miaka na sikukiona. Akasema mjomba mbona zilizoanza na 2 na 5 hazina 1 wala 7 ndani?

Nikaangalia. Kweli. 233, 239, 293, 593, 599, hakuna 1 hakuna 7. Tukakaa nalo mpaka Alasiri. Sababu ni 3. Si unajua ile ya kujumlisha tarakimu, jumla ikigawanyika kwa 3 namba nzima inagawanyika. Sasa 2 ukiigawa kwa 3 baki ni 2, na 5 vilevile baki ni 2. 3 na 9 ukiziongeza hazibadilishi baki. Lakini 1 na 7 kila moja inaongeza baki kwa 1, kwa hiyo 2 ikipata 1 au 7 jumla inakuwa ya 3 na tasa imekufa pale pale. Iliyoanza na 7 ina baki 1, kwa hiyo ina ruhusa ya kutumia 1 au 7 mara moja tu katika maisha yake yote. Iliyoanza na 3 ina ruhusa mara mbili. Baada ya hapo imebaki na 3 na 9 peke yake, na kwa 3 na 9 peke yake huwezi kwenda mbali, tawi linakauka. Rudi uangalie 73939133: baada ya ile 7 ya mwanzo ina 1 moja, basi, ruhusa yake imekwisha. Na ukiangalia 37337999, nayo imo, imeanza na 3, ina 7 mbili, halafu 999 mpaka imekufa.

Umeme uliporudi nikaandika programu ya mistari michache kwenye laptopu ikamalizia mti: tarakimu tano 15, sita 12, saba 8, nane 5, tisa sifuri. Jumla 83. Themanini na tatu tu katika namba zote ambazo Mungu kaziumba. Zile tano za tarakimu nane ni 23399339, 29399999, 37337999, 59393339 na hiyo 73939133. Hesabu ruhusa zao utaona zote zinatii.

Mtoto alitaka tupeleke ugunduzi wetu mahali. Nikamuonyesha kuna mtu anaitwa Neil Sloane alianza kukusanya mifuatano ya namba 1964 akiwa bado mwanafunzi, anaandika kwenye vikadi, na toka 1996 mkusanyiko wake upo kwenye intaneti, mifuatano zaidi ya laki tatu, kila mmoja na namba yake, tasa zenyewe ni A000040 na mti wetu ni A024770. Umekaa pale umetulia. Kanuna nusu saa. Kukata kutoka kushoto pia kupo, na huko mti ni mnene zaidi, ziko 4260 na kubwa yao ina tarakimu 24, maana kushoto unaweza kuongeza tarakimu yoyote isipokuwa sifuri, huna habari na shufwa.

Kuna ya tatu lazima niiseme maana ndo niipendayo kuliko zote. John Conway, yule mwanahesabu wa Uingereza aliyekwenda kuishi Marekani, aliufanya mchezo wa nyumbani kwa sheria tofauti kidogo: kigawo kikijirudia hukiandiki mara mbili, unaandika kigawo na idadi yake. 60 ni 2 mara mbili, 3, 5, kwa hiyo unaandika 2, halafu 2 ya idadi, halafu 3, halafu 5: 2235. Akasema kila namba ukiianza hivyo mwishowe inafika kwenye tasa, na akaweka dola 1000 kwa atakayethibitisha au kukanusha. Mwaka 2017 James Davis akaja na namba moja: 13532385396179. Vigawo vyake ni 13, 53 mbili, 3853, na 96179. Haya ziandike kwa sheria ya Conway: 13, halafu 53, halafu 2, halafu 3853, halafu 96179. Zisome zikiwa zimegundana. Ni yenyewe! Haifiki nyumbani, inazunguka raundabauti ya Michenzani mpaka kiama.

Mie siamini mpaka nishike, nikakaa nikazidisha. 13 mara 53 mara 53 mara 3853 inatoka 140700001. Angalia hizo sifuri. Sasa zidisha kwa 96179: ile 1 ya mwisho inaandika 96179 mkiani, na 1407 mara 96179 ni 135323853, ambayo inakaa mbele. Na 135323853 ni nini? 13, 53, 2, 3853. Nilisimama nikazunguka chumba. Mke wangu akaniuliza kuna nini, nikamwambia hakuna kitu.

Jumatatu jioni baada ya Magharibi nikaenda barazani na haya yote, watu wapo kwenye dhumna na kahawa, na yupo ami mmoja, nahodha mstaafu, huyo ukimwambia kitu anakusikiliza amefumba macho halafu anakubomoa. Nikamuamkia, shikamoo ami, marahaba, nikaeleza ya 49 kwamba dunia nzima imeshindwa kuifikisha nyumbani. Akasema, "Hebu niambie, hiyo 49 Mungu kaiumba na 4 na 9, au nyie ndo mumeiandika hivyo?" Nikasema tumeiandika sie. Akasema, "Mumeiandika hivyo kwa kuwa muna vidole kumi. Saa yetu ina kumi na mbili. Sahani tunanunua kwa darzeni. Khanga kwa korja, ishirini ishirini. Jaribuni huko." Akarudi kwenye dhumna yake, akapiga sita-sita.

Wenzangu wakacheka. Mie nimeondoka pale kahawa sijamaliza.

Maana ami kasema kweli tupu. Kuwa tasa ni mali ya namba yenyewe, 13 ni tasa hata ukiiandika kwa kokwa za mbao za bao. Lakini tarakimu ni nguo tu tumeivisha. Kwa darzeni, 13 ni darzeni moja na moja, unaandika 11. Sasa 49: ni 7 mara 7, unagundisha, 77. Lakini 77 ya darzeni ni darzeni saba na saba juu, yaani 84 na 7, 91. Na 91 ni 7 mara 13. Unaandika 7, halafu 13 ambayo kwa darzeni ni 11, unapata 711. Mpaka hapa maandishi ni yale yale kabisa ya makumi, 77 halafu 711! Lakini 711 ya makumi ni 3 mara 3 mara 79 na hapo ndo safari ndefu inaanza. 711 ya darzeni ni 7 mara 144, jumlisha 12, jumlisha 1, ambayo sie tunaiita 1021. Nikaigawa 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31. Zote zimekataa. Tasa. Hatua mbili, 49 iko nyumbani, imevua viatu, na kule kwenye makumi wenzake bado wanaisaka na makompyuta.

Jana nimempelekea ami hilo kwenye karatasi. Kaisoma, kaikunja, kaitia mfukoni, akaniambia "na korja?" Ami, niache nipumue.

Mtoto nilimtumia sauti nikamueleza ya darzeni, hakujibu, nikadhani kalala. Saa sita kasoro usiku ananiandikia: "mjomba ile ya nungwi nimejumlisha tarakimu moja nikatoa inayofuata hivyo hivyo mpaka mwisho imekuja sifuri kwa hiyo inagawanyika kwa 11, inabaki 3015548597, nimejaribu 7 na 13 na 17 na 19 imekataa, nijaribu mpaka wapi?" Nikamwambia lala, kesho skuli. Halafu nikawasha taa nikatafuta kalamu.